Zinki, mwarobaini na mpunga wa Dakawa: shajara ya mradi

9 Aprili

Tumekwenda Dakawa kuchukua majani. Masika yamekolea, mpunga wa watu wengi umeanza kubeba mimba, na wiki iliyopita kulipiga upepo wenye mvua ya mshazari. Ugonjwa tunaoutafuta, ule wa bakteria unaokausha majani ya mpunga, hauombi zaidi ya hapo. Matone yanaruka toka jani hadi jani, majani yanasuguana na kuchanika kingo, mlango unafunguka.

Mama mmoja mwenye majaruba manne ndiye aliyetupokea.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, wanangu. Mmekuja kuniangalizia kimyanga changu?"

Hapa kila jani la njano ni kimyanga. Lakini kimyanga ni virusi, hubebwa na wadudu, na mmea wake hudumaa wote. Kilichokuwa jarubani kwake kilikuwa kingine. Njano ilianzia nchani ikashuka kwa kingo mbili za jani, mpaka wake una mawimbimawimbi, nyuma ya mpaka huo jani limekauka rangi ya nyasi za paa, na katikati bado kijani. Nikamwomba bilauri ya maji safi. Nikakata jani pale kijani kinapokutana na njano, nikalisimamisha ndani, tukangoja. Baada ya dakika chache uzi mweupe ukaanza kushuka kutoka kwenye mkato, mwembamba, mzito kidogo kuliko maji, kama tui la mwisho linavyoshuka kwenye chujio.

"Huo usaha?"

"Ni bakteria wenyewe, mama. Mamilioni kwa mamilioni."

Akaitazama bilauri kwa muda, kisha akaniambia niondoke nayo, isirudi jikoni kwake.

Jina lake la kitaalamu ni *Xanthomonas oryzae* pv. *oryzae*. Nitaandika Xoo, maana jina hilo nitaliandika mara nyingi. Wakulima wa Fukuoka, Japani, waliuona ugonjwa huu tangu 1884. Hapa kwetu kilichowashtua watafiti ni mlipuko wa 2019 katika mashamba ya Morogoro, Dakawa ikiwemo. Bakteria waliopatikana walikuwa na silaha za ukoo wa Asia. Xoo huishi kwa wizi wa sukari. Huingiza protini ndani ya seli ya mpunga, protini hizo huwasha jeni ziitwazo SWEET, na mmea hujikuta unamwaga sukari kwenye mishipa anamoishi mwizi. Bakteria wa Afrika tuliowajua hulenga hasa SWEET14. Hawa wapya wana funguo za milango mingine, na juu yake wana protini ya kuizima jeni Xa1 ambayo ingewazuia. Mbegu iliyoandaliwa kwa adui wa zamani inaweza isimtambue huyu.

Ndipo mradi wetu unapoingia. Mbegu kinzani ndiyo suluhisho, sibishani na wana jenetiki. Ila mbegu huchukua miaka. Swali letu ni dogo: je, chembe nano, yaani ndogo mno zisizoonekana kwa macho, za oksidi ya zinki zikipuliziwa kwenye jani zinaweza kumkinga mpunga wakati mbegu inasubiriwa?

12 Aprili

Mbegu za mpunga aina ya SARO 5 zimepandwa kwenye vyungu, udongo wa jaruba, banda la wavu. Vyungu 36. Panya wamekula mbegu za vitatu usiku uleule.

18 Aprili

Xoo hana haraka. Kwenye agari (ile jeli ya kuoteshea bakteria) ya peptoni na sukari, nyuzi joto 28, anataka siku tatu au nne ndipo akuoneshe vidoa vya manjano, vya mviringo, vinavyoteleza. Tatizo ni kwamba mpunga una wapangaji wengine wa manjano. Siku ya pili tu sahani zangu zilikuwa zimejaa na nikafurahi. Fundi wa maabara, ambaye sote tunamwita Anko, akaziangalia kwenye mwanga.

"Hawa wamewahi mno. Huyu si wako."

Kweli, walikuwa jamii ya *Pantoea*, wenye rangi karibu ileile. Nimetupa, nimeanza upya, safari hii nimeosha kipande cha jani vizuri na nimeacha sahani zikae. Leo ni siku ya nne, na pembeni, chini ya kelele za wengine, kuna vidoa viwili vidogo vya rangi ya ute wa yai. Nimevihamisha. Kabla ya kuviamini vitarudishwa kwenye jani zima, nione kama vitaliuguza jani kwa namna ileile.

25 Aprili

Leo kupika chembe.

Wengi wanaoandika kuhusu nano na bakteria wa mimea hutumia madini ya fedha. Yanaua, hakuna ubishi. Lakini mpunga hauna kazi na fedha, na maji ya majaruba ya Dakawa hurudi Mto Wami, na Wami hupita Saadani kabla ya kuingia baharini. Zinki angalau ni chakula cha mmea, na mashamba yanayofurikishwa maji mara nyingi hupungukiwa nayo. Hata zinki ikizidi huumiza samaki na viumbe wa majini, kwa hiyo sijiiti mwema. Nimechagua lililo afadhali.

Njia yetu haihitaji mashine za ajabu. Majani ya mwarobaini kutoka mti wa nyuma ya maabara, yameoshwa, yamekaushwa kivulini, gramu 20 kwenye mililita 200 za maji yaliyochujwa madini, yakachemka mpaka maji yakawa rangi ya chai ya rangi. Yakachujwa. Nitrati ya zinki ikayeyushwa, ikapashwa hadi nyuzi 70, maji ya mwarobaini yakaingia polepole, kisha soda kali tone kwa tone huku inakorogwa, hadi pH ikafika 12. Hapo ndipo raha ilipo. Kimiminika kilichokuwa wazi kinageuka ghafla, kinakuwa kama uji wa wanga, mweupe wenye manjano kwa mbali. Vitu vilivyomo kwenye majani huzishika chembe zikiwa bado changa zisikue na kunenepa. Angalau ndivyo tunavyosema. Ni vitu gani hasa kati ya mamia yaliyomo kwenye mwarobaini, kila mtu ana orodha yake.

Uji umezungushwa, umeoshwa mara tatu kwa maji na mara moja kwa alkoholi, umelala kwenye kikaushio.

27 Aprili

Tanuri lilikuwa limefika nyuzi 250 likielekea 400, umeme ukakatika. Ukarudi saa tisa alasiri. Niliwasha tena nikidhani hakuna lililoharibika. Nilipofungua jioni unga ulikuwa kahawia badala ya mweupe. Mabaki ya majani hayakuungua yote.

"Hiyo ni ugoro," Anko akasema.

Nimeuweka pembeni kwa lebo. Nitapika tena.

8 Mei

Unga wa mpiko wa tatu ni mweupe, mwepesi, ukifungua chupa kwa pupa unaruka. Barakoa ni lazima, chembe hizi si za kuvuta puani. Kipimo cha mwanga kimeonesha kilele karibu na nanomita 370, panapotarajiwa kwa oksidi ya zinki. Sampuli iliyotumwa kupimwa kwa mionzi ya eksi imerudi na vilele vyake kwenye nyuzi 31.8, 34.4 na 36.3, na hesabu ya upana wa vilele inasema fuwele ziko chini ya nanomita 40. Unywele wa kichwani ni kama nanomita 80,000, na Xoo mwenyewe ana urefu wa nanomita elfu moja na kitu.

Basi nikachanganya unga huo na maji ya bomba, nikauacha, nikaenda kula. Niliporudi ulikuwa umezama wote chini ya kopo kama unga wa muhogo. Fuwele za nanomita 40 zimeshikana mabonge ambayo karibu unayaona kwa macho. Maji ya bomba yana kalisi, kalisi huondoa ile hali ya chembe kusukumana, zinaambatana. Nikazirudia kwa maji safi na mashine ya mawimbi ya sauti, zikaelea saa kadhaa. Swali ambalo ripoti nyingi hulipita kimya: mkulima atakayejaza bomba lake la mgongoni kwa maji ya mfereji, yenye tope, atakuwa anapulizia nano au chokaa?

14 Mei

Vidoa vyetu viwili ni Xoo. Jani lililochomwa navyo limekauka kwa mawimbi yaleyale na bilauri imetoa uzi uleule.

21 Mei

Jaribio la sahani. Hili ndilo ambalo kila mtu hulipiga picha: sahani imefunikwa bakteria, visima vidogo vimetobolewa kwenye agari, dawa imetiwa, unangoja duara safi lijitokeze kuzunguka kisima.

Msimamizi wangu alinikatalia kulinganisha chembe na maji matupu peke yake. "Maji si mpinzani," alisema. Kwa hiyo visima vilikuwa vitano: chembe zetu, oksidi ya zinki ya kawaida ya dukani, isiyo nano, salfeti ya zinki, ile chumvi inayoyeyuka, maji ya mwarobaini peke yake, na maji. Zinki lazima ilingane. Oksidi ina zinki karibu asilimia 80 kwa uzito, salfeti yenye maji ya fuwele ina kama 23 tu. Miligramu 500 za oksidi zina zinki kama 400, na ili kuipata hiyohiyo kwenye salfeti unapima karibu gramu 1.77. Nimeona kazi ambazo watu walipima uzito sawa wa unga wakadhani wamepima zinki sawa.

24 Mei

Salfeti imeshinda. Duara lake ni kubwa kuliko la chembe, kwa mbali. Mwarobaini peke yake umefanya kaduara kembamba. Oksidi ya dukani karibu hakuna kitu.

Nilikaa nikiitazama ile sahani kama mtu aliyeletewa barua ya mahari kurudishwa. Mwezi mzima wa kupika, na chumvi ya dukani inanipita.

Msimamizi alicheka. Akanikumbusha agari ni nini: ni ungo. Kilichoyeyuka hupita, chembe hubaki kisimani zilipo. Duara hupima uwezo wa kusafiri kwenye agari kuliko uwezo wa kuua. Nirudie kwenye mchuzi, yaani maji ya virutubisho, unaotikiswa, ambako bakteria na chembe wanagusana.

31 Mei

Kwenye mchuzi pengo limepungua sana. Chembe na salfeti wanakaribiana, na oksidi ya dukani bado iko nyuma. Hapa ndipo ninapoelewa kazi ya udogo. Kadiri chembe inavyokuwa ndogo ndivyo sehemu yake kubwa inavyokuwa ngozi, na zinki hutokea kwenye ngozi. Kuna pia zile oksijeni kali zinazozaliwa juu ya chembe ikipigwa na mwanga, zinazounguza utando wa bakteria. Ila wakati wa kupima nilifunika chupa, kwa hiyo siwezi kuzisifu.

Kwa sasa hukumu yangu ni kwamba sehemu kubwa ya tunachokiita nguvu ya nano ni zinki tu, ikitoka polepole.

3 Juni

Leo mpunga wenyewe. Vyungu 33 viligawanywa kwa kura. Vingine vilipuliziwa jana, vingine vitapuliziwa siku mbili baada ya kuambukizwa. Njia ya kuambukiza ni ya mkasi: unachovya mkasi kwenye maji yenye seli kama milioni 100 kwa mililita, unakata ncha ya jani sentimita mbili, unakwenda la pili. Baada ya siku 14 unapima kwa rula kidonda kimeshuka kiasi gani. Duniani kote wanaofanya kazi na Xoo hufanya hivyo, na mikono huwahi kuzoea.

17 Juni

Rula imesema hakuna kitu.

Si kwamba matokeo ni mabaya. Hayapo. Tofauti kati ya waliopuliziwa chembe na waliopuliziwa maji ni ndogo kuliko tofauti ya majani mawili ya chungu kimoja. Waliopuliziwa baada ya ugonjwa ndiyo kabisa. Nimepima majani yote mara mbili, mara ya pili Anko ndiye aliyeshika rula bila kujua kipi ni kipi.

18 Juni

Sikulala vizuri. Saa kumi na moja alfajiri nimeingia bandani na tochi, nikaona jambo ambalo nimeliona maisha yangu yote. Kila jani la mpunga lilikuwa limeshika tone nchani, na matone madogo yamejipanga ukingoni. Nyumbani tunaita umande. Mengi ya matone yale si umande, ni maji ambayo mmea wenyewe umeyasukuma kutoka mizizini usiku, yakatokea kwenye vitundu vilivyo pembeni mwa jani. Xoo hutumia vitundu hivyohivyo. Anaangukia kwenye tone, asubuhi jua likipanda tone linanywewa kurudi ndani, naye anakwenda nalo, moja kwa moja mpaka kwenye mishipa ya maji.

Sasa mimi nilifanya nini? Nilichukua mkasi nikamvusha ukingo mzima, nikamweka ndani ya mshipa kwa mkono wangu. Dawa iliyokaa juu ya ngozi ya jani ingemfikiaje? Njia ya mkasi ilibuniwa kupima kinga ya mbegu, na kwa kazi hiyo ni nzuri. Kwa kupima dawa ya juu ya jani ni sawa na kupima kufuli baada ya kumpitisha mwizi dirishani.

Hili pia linajibu lile la kupulizia baada ya kuugua. Akishaingia mshipani, bomba la mgongoni halimhusu tena.

24 Juni

Mbegu mpya zimepandwa. Safari hii nyavu za panya.

6 Agosti

Kuambukiza kwa kupulizia. Jioni, baada ya jua kulegea, bakteria wamenyunyizwa kwa ukungu mwembamba na vyungu vimefunikwa nailoni mpaka asubuhi ili matone yasikauke. Morogoro ya mwezi huu ina usiku wa baridi, Uluguru wamevaa wingu, na Xoo anapenda joto la nyuzi 25 hadi 30. Tumewasha balbu chini ya nailoni. Mlinzi ameuliza kama tunafuga vifaranga.

Nusu ya vyungu vilivyopuliziwa dawa vilimwagiwa maji kwa kopo la bustani kabla ya bakteria, kuiga mvua.

27 Agosti

Sasa kuna cha kuandika. Siku 21, kwa ajili ya baridi.

Majani ya maji matupu yana vidonda vingi, vyote vimeanzia ukingoni au nchani, kama shambani kwa yule mama. Ya chembe yana vichache, tofauti unaiona ukiwa mlangoni mwa banda. Ya salfeti nayo yana vichache, lakini yana alama nyingine: ncha zimeungua, vidoa vya hudhurungi vidogovidogo palipokaukia matone. Chumvi imetoa zinki yote kwa mkupuo mmoja na jani limeunguzwa.

Kwa waliomwagiwa maji, salfeti imeondoka yote, majani yake hayana tofauti na ya maji matupu. Chembe zimebaki kiasi. Ukiliinamisha jani kwenye mwanga unaona vumbi jeupe limejishikiza kwenye vile vijinywele vinavyolifanya jani la mpunga likwaruze kidole. Basi faida ya udogo, kama ipo, ni kung'ang'ania jani na kutoa zinki kwa kibaba. Ukali hauko kwetu.

Ni banda moja, mzunguko mmoja. Msimamizi ameandika pembeni ya jedwali langu kwa kalamu nyekundu: "Umemkinga mmea au umemlisha?"

30 Agosti

Swali lake limenikaa. Mwaka 1966, kule Pantnagar, India, Y. L. Nene alionesha kwamba ugonjwa wa mpunga ulioitwa khaira, uliokuwa ukikausha mashamba kwa madoa ya kutu, haukuwa na kimelea. Ulikuwa njaa ya zinki. Sasa kama udongo wangu wa jaruba una njaa hiyo, mpunga wowote uliopata zinki, kwa jani au kwa mzizi, utasimama vizuri zaidi mbele ya adui, na mimi nitaita dawa kitu ambacho ni mbolea. Udongo umepelekwa kupimwa. Mzunguko ujao utakuwa na vyungu vilivyowekewa zinki ardhini, bila kupuliziwa chochote.

7 Septemba

Dakawa tena, bila dawa. Hatuna kibali cha kupulizia kwenye shamba la mtu na hatutakiomba kwa mzunguko mmoja wa banda. Viuatilifu vina mamlaka yake, TPHPA, na hawasajili matumaini.

Yule mama ameshavuna. Aliniuliza dawa imefika wapi, nikamweleza yote, mpaka la mkasi. Akasikiliza, kisha akauliza chupa itauzwa shilingi ngapi. Sikuwa na jibu. Akauliza kama ikipigwa atavua kambale mferejini kama kawaida. Hilo nalo sikuwa nalo.

Nikamuuliza miche yake anaipandikizaje. Akanionesha kwa mkono hewani: unang'oa, unafunga mafungu, mche ukiwa mrefu unakata ncha kwa panga usilale majini.

"Panga hilohilo kwa mafungu yote?"

"Ehe. Kwani lingine la nini?"

Nikanyamaza. Naye akanyamaza, akaangalia mabua yaliyoanza kuchipua upya jarubani, mengine na ncha za njano.

"Mkasi wako," akasema.

"Mkasi wangu, mama."

9 Septemba

Vyungu 40 vimepandwa. Makundi ni matano sasa: maji, chembe kwenye jani, salfeti kwenye jani, zinki ardhini, na kundi la tano ambalo halikuwemo kwenye andiko la mradi, miche isiyokatwa ncha dhidi ya iliyokatwa kwa panga lililopita kwenye mche mgonjwa. Majibu ya udongo bado. Tanuri limeharibika waya, fundi anakuja Alhamisi.